MKONO UTULIZAO NA MKONO UUMIZAO: FAIDA NA HATARI ZA KUCHUA MISULI

Jua lizamapo nyuma ya mapaa ya kambi, na shanta zikiisha kutuliwa chini, ipo harufu moja ambayo kila askari wa nchi hii aijua hata akiwa amefumba macho. Ni harufu ya dawa ya kuchua. Huyu amenyoosha mguu juu ya kitanda na mwenzake amepiga magoti akimkanda paja. Yule amelala kifudifudi akikandwa kiuno. Wa tatu ajisugua mwenyewe shavu la mguu huku akisimulia jinsi kilima cha mwisho kilivyomtoa jasho. Hiyo ni desturi njema ya udugu, nasi hatukuandika makala haya ili kuipiga vita.

Tumeshika kalamu kwa sababu nyingine. Ndani ya desturi hiyo hiyo njema umejificha mchezo wa hatari. Kila umivu hupelekwa kwa mwenye vidole vyenye nguvu, na kila msuli uumao husemwa kuwa ni wa kukandwa tu. Mambo sivyo yalivyo. Kuchua ni msaada mwema kwa msuli mzima uliochoka, lakini si tiba ya kiungo kilichoumia. Asiyeweza kuzitenga hali hizo mbili huenda, kwa nia safi kabisa, akamtoa ndugu yake bwenini kwa machela.

ASILI YA KAZI HII

Kazi ya kuuchua mwili haikuletwa kwetu na wageni. Kule Acholi na Lango, mafuta yaitwayo moo yaa, yatokanayo na mbegu za mti wa porini, yametumika kupaka na kukanda viungo vya watoto na wazee tangu enzi za mababu. Kwa wafugaji wa Ankole, samli ilifanya kazi hiyo hiyo.

Lakini namna ya kuchua ionekanayo leo katika viwanja vya michezo ina historia inayowagusa watu wa sare. Mwaka 1813, Per Henrik Ling, mwalimu wa mchezo wa vitara, alifungua mjini Stockholm, Uswidi, chuo cha mazoezi ya viungo, na miongoni mwa waliofundishwa mazoezi yake walikuwamo maofisa wa jeshi. Baadaye tabibu wa Kiholanzi, Johann Georg Mezger, aliyeishi tangu mwaka 1838 hadi 1909, alizipanga mbinu za mkono katika mafungu ambayo bado yanafuatwa. Mwaka 1894, wauguzi wanne mjini London waliunda chama cha wachuaji waliofunzwa, ili kuitenga kazi yao ya heshima na ile ya walaghai; na kutokana na chama hicho kikazaliwa chama cha matabibu wa viungo cha Uingereza kilichopo hata leo. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, wanawake 50 wenye ujuzi huo waliandikishwa katika kikosi kilichoitwa Almeric Paget Massage Corps kuwahudumia askari majeruhi, na idadi yao ikazidi kukua kadiri vita vilivyoendelea.

Tunayataja hayo ili msomaji atambue jambo moja. Kazi hii ilipoingia majeshini iliingia pamoja na mafunzo, mitihani na uangalizi wa daktari. Haikuwa kazi ya kila mwenye kiganja kipana.

MKONO HUFANYA NINI?

Mbinu za mchua misuli aliyefunzwa ni chache. Kwanza ni kupapasa, yaani kupitisha kiganja kizima juu ya msuli kwa mwendo mrefu, kutoka chini kuelekea upande wa moyo. Pili ni kukanda, ambako nyama hushikwa, huinuliwa na kubinywa, kama mpishi afanyavyo donge la unga. Tatu ni kusugua kwa ncha za vidole mahali padogo palipokaza. Nne ni kupigapiga kwa ubavu wa mkono au kiganja kilichokunjwa kama kikombe.

Ustadi wenyewe ni kujua lipi lifanywe na wakati gani. Kabla ya shindano, mchuo huwa wa dakika chache, mwepesi na wa haraka, kwa ajili ya kuamsha. Baada ya shindano huwa wa polepole na laini, kwa ajili ya kutuliza. Kukanda kwa kina hasa huwekewa siku ya mapumziko, wala hakufanywi usiku wa kuamkia mashindano, kwani huweza kuuacha msuli wenyewe ukiuma.

FAIDA ZAKE

Kila aliyewahi kuteremka mlima akikimbia, au kurudi mazoezini baada ya likizo ndefu, ayajua maumivu yanayokuja kesho yake. Siku ya kwanza mtu hujisifu. Siku ya pili hushuka ngazi kinyumenyume. Chanzo chake ni madhara madogo yanayoupata msuli ambao haukuizoea kazi hiyo. Huanza kuuma baada ya saa 12 hadi 24, yakafikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha yakaisha yenyewe.

Ni katika maumivu ya namna hiyo ndipo mkono unapoonyesha faida yake. Mwaka 2020 watafiti wa Sheffield, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuzikusanya na kuzipima tafiti 29 zilizowahusu watu 1,012. Waliona kwamba kuchua hupunguza kidogo maumivu hayo ya kesho yake, na huongeza kidogo ulaini wa viungo. Hapo awali, mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Kanada, waliwachosha vijana 11 kwa baiskeli, wakawachua mguu mmoja kwa dakika 10 na kuuacha mwingine, kisha wakachukua vipande vidogo vya nyama ya miguu yote miwili na kuvichunguza. Katika mguu uliochuliwa walikuta dalili za uvimbe zimepungua.

Kwa hiyo anayesema kwamba mchuo ni porojo tupu amekosea. Tuongeze na yale ambayo hayahitaji maabara: moyo hutulia, usingizi huja upesi, na askari hujua kwamba yupo mwenzake anayemjali. Tena mkono uliozoea huweza kuhisi mapema fundo au joto lisilo la kawaida, na kumpeleka mwenyewe kwa daktari kabla mambo hayajaharibika.

YANAYOSEMWA YASIYO KWELI

Lakini yapo mawili yanayosemwa sana mabwenini ambayo hayana msingi.

La kwanza ni kwamba kuchua huiondoa tindikali iliyoingia misulini wakati wa mbio, na kwamba tindikali hiyo ndiyo iletayo maumivu ya kesho. Ukweli ni kwamba mwili wenyewe huisafisha katika muda wa saa moja hivi baada ya kupumzika, kwa hiyo kesho yake haipo tena ya kulaumiwa. Zaidi ya hayo, mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, nchini Kanada, walionyesha kwamba kuubinya msuli mara tu baada ya kazi ngumu kulizuia damu kupita, na hivyo kukachelewesha usafishaji wenyewe. Njia bora ya kuuharakisha haina gharama: usiketi mara umalizapo mbio, bali tembea au kimbia polepole kwa dakika 10 au 15.

La pili ni kwamba mchuo huongeza mbio na nguvu. Wale watafiti wa Sheffield hawakuona ushahidi wowote kwamba huongeza nguvu, kuruka, kasi wala uvumilivu. Na sisi tunayo mifano ya nyumbani inayotuonyesha ushindi utokako. Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, askari polisi wetu John Akii-Bua aliruka viunzi vya mita 400 kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48 na Mganda wa kwanza kuvishwa dhahabu ya Olimpiki. Alijiandaa kwa mazoezi makali, mengine akiyafanya huku amevaa fulana yenye uzito. Tarehe 12 Agosti 2012, Stephen Kiprotich wa Jeshi la Magereza alishinda marathoni mjini London kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Joshua Cheptegei wa Polisi akafuata, akiitwaa dhahabu ya mita 5,000 mjini Tokyo mwaka 2021, na ya mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024 kwa dakika 26 na sekunde 43.14. Mkono wa mchuaji huweza kumtuliza bingwa baada ya kazi. Kumfanya bingwa hauwezi.

PAJA LILILOGEUKA JIWE

Sasa tuje kwenye hatari, nasi tutaanza na jambo tulilolishuhudia wenyewe.

Tulipokuwa kadeti, mwenzetu mmoja alipigwa goti la paja katika mpira wa miguu, wiki tano kabla ya gwaride la kuhitimu. Paja lilivimba usiku ule. Alikataa katakata kwenda zahanati, maana mkufunzi mmoja alikuwa na mazoea ya kumwita mtegeaji kila aliyeonekana kwenye foleni ya wagonjwa. Basi sisi wenzake tukamhudumia. Tuliwasha jiko, tukamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, tukamsugua kwa dawa ya kuchua hadi jasho likatutoka, na alipougulia tukamwambia, "Vumilia, ndugu yetu, damu mbaya inatoka." Tulifanya hivyo siku tatu mfululizo, tukijivuna kwa upendo wetu.

Wiki ya tatu paja lilikuwa gumu kama jiwe, na goti halikukunjika. Daktari alipoiangalia picha ya eksirei alituonyesha kivuli cheupe ndani ya nyama: mfupa ulikuwa umeanza kuota mahali pa msuli. Alitueleza kwamba damu iliyovujia ndani ya paja ilihitaji utulivu na baridi, nasi tuliipa moto na vidole, tukaitonesha kila usiku. Siku ya gwaride mwenzetu alitutazama kutoka pembeni, ameegemea fimbo. Alipona baadaye, lakini hadi leo tukikumbuka yale maneno yetu ya "damu mbaya" tunaona haya.

PALE AMBAPO MKONO HAURUHUSIWI

Kutokana na hayo, na kutokana na mafundisho ya utabibu, askari na ayaweke moyoni mambo yafuatayo.

Jeraha jipya halichuliwi. Msuli uliochanika, kifundo kilichoteguka, au nyama iliyopigwa na kuvimba, visikandwe wala kutiwa moto kwa saa 48 hadi 72 za mwanzo. Kiungo kipumzishwe, kiwekewe kitambaa cha maji baridi, kifungwe bendeji isiyobana mno, na kiinuliwe juu. Katika siku hizo mbili au tatu pombe nayo iepukwe, kwani huzidisha uvimbe. Waragi si dawa ya kifundo, iwe ya kupaka au ya kunywa.

Shavu la mguu lililovimba upande mmoja ni la kuogopwa. Likiwa na joto na maumivu bila ya kupigwa, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mkono unaokanda hapo huweza kulibandua donge hilo likasafiri hadi mapafuni, na mtu akafa kwa dakika chache. Nasi watu wa malori tuwe macho zaidi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya kukaa bila kusogea kwa saa nne au zaidi huongeza hatari hiyo mara mbili hivi, ingawa kwa mtu mwenye afya yabaki kuwa ndogo. Basi lori likisimama, shukeni mtembee.

Muundi uumao mahali pamoja si uchovu. Kuruta anayekimbia kwa buti kila siku huweza kupata ufa mwembamba katika mfupa. Dalili yake ni maumivu ya mahali padogo panapoweza kufunikwa kwa kidole, yanayozidi akikimbia na hatimaye kumfuata hadi kitandani. Kuukanda mfupa wenye ufa ni kupoteza siku ambazo zingeuponya. Na mguu ukikaza kama ngoma, ukauma kupita kiasi na kufa ganzi, hilo ni la hospitali saa ile ile wala si la kesho.

Mkojo wa rangi ya chai ya mkandaa ni kengele ya hatari. Mazoezi yakizidi uwezo wa mwili, hasa juani na bila maji, msuli huweza kuvunjikavunjika na taka zake zikaziba figo. Mtu huona misuli imevimba na kulegea, na mkojo umegeuka mweusi. Madaktari wamewahi kuandika hata juu ya watu waliopatwa na hali hiyo baada ya kukandwa kwa nguvu nyingi mno. Anayebebewa chembe za selimundu, ambazo si adimu katika nchi yetu, yumo katika hatari zaidi ya kuvunjika misuli kwa namna hiyo. Mwenye dalili hizo asikandwe. Apelekwe hospitali upesi.

Homa haichuliwi. Malaria mara nyingi huanza kwa kuumwa viungo vyote, na mtu akadhani ni matembezi ya jana. Mwenye homa apimwe damu kwanza.

Shingo isipinduliwe. Ipo tabia ya kumshika mtu kichwa na kukigeuza kwa ghafula ili shingo ilie. Mishipa ipelekayo damu ubongoni hupita humo, na ikichanika huweza kuleta kiharusi hata kwa kijana. Tabia hiyo na ikome.

Mwisho, ngozi yenye kidonda, jipu au upele isiguswe, na dawa ya kuchua isipakwe juu ya mchubuko. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Vidonge vya kuua maumivu navyo visimezwe ili mtu aweze kuvumilia kukandwa, kwani maumivu ndiyo mlinzi wa lango, na anayemlewesha mlinzi hajui nani ameingia.

MASWALI MATATU KABLA YA MAFUTA

Hatudai kwamba kila bweni liwe na daktari. Twadai kwamba kila mkono uulize kabla haujagusa. Maswali yenyewe ni matatu tu: Maumivu yalianza lini na kwa sababu gani? Je, yako pande zote mbili sawasawa, au ni mahali pamoja? Je, pana uvimbe, joto, ganzi au homa? Uchovu wa kawaida huja kesho yake, hushika misuli yote iliyofanya kazi, na hupungua kila siku. Umivu lililokuja ghafula, lililokaa mahali pamoja, au linalozidi badala ya kupungua, ni mali ya zahanati.

Yakijibiwa vizuri, basi chua: kwa mafuta kidogo, kwa kiganja kizima, kuelekea upande wa moyo, dakika 10 hivi kwa kila mguu, na kwa nguvu ambayo mwenzako aweza kuendelea kuzungumza huku akichuliwa. Akikunja uso na kushika pumzi, umezidisha. Akisema basi, iwe basi.

Na hapo tuguse jambo la heshima. Mwili wa askari, mwanamume au mwanamke, ni wake. Hachuliwi asiyetaka, wala hachui asiyetaka. Afande anayemwamuru kuruta amkande mgongo usiku ametoka katika amri za kazi. Mwanamke askari ahudumiwe na mwanamke mwenzake, au na mtaalamu aliyefunzwa, mahali pa wazi na kwa ridhaa yake.

NENO KWA WAKUU WA VIKOSI

Wahenga walisema: mficha maradhi kilio kitamfichua. Lakini tujiulize ni kwa nini askari ayafiche maradhi. Mwenzetu yule hakukosa zahanati. Ilikuwa umbali wa hatua 200 kutoka bwenini. Alichokosa ni ruhusa ya kuumwa bila ya kuchekwa. Pale ambapo kila mgonjwa huitwa mtegeaji, maumivu hayapungui. Huhamia bwenini, yakafunikwa kwa dawa ya kuchua, yakatokea tena siku ya gwaride au, vibaya zaidi, siku ya mapambano.

Mkuu wa kikosi anayetaka watu wake wawe imara na afanye mambo mawili. La kwanza, awachague askari wachache katika kila kombania au kituo cha polisi, awakabidhi kwa matabibu wa viungo wawafunze, ili mikono yenye bidii iwe pia mikono yenye elimu. La pili, atangaze mbele ya paredi, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba anayeripoti jeraha mapema ametimiza wajibu wa askari.

Bunduki ikigoma kufyatua, hakuna askari anayeipigapiga gizani akitumaini itapona. Huipeleka kwa fundi wa silaha, akasema wazi ilivyogoma. Nasi twastahili uangalizi usiopungua ule wa bunduki zetu. Jioni hii, ndugu yako atakaponyoosha mguu juu ya kitanda na kukuomba umkande, usikimbilie chupa. Leta taa kwanza, utazame, kisha uulize.